Vishangazo vya mezani: nilivyovibakiza na nilivyoviondoa

Pembe moja ya meza yangu ya kutengenezea saa haina saa hata moja. Ina balbu isiyowaka, jiwe la plastiki, pia mbili za kuzungusha, vioo viwili vilivyofunikana, na kichupa kimoja kilichochafuka ambacho nimekiacha hapo makusudi, kiwe onyo. Mteja anayesubiri saa yake huwa hakai sana kabla hajanyoosha mkono. Hapo ndipo ninapofanyia tathmini zangu. Kitu kumshangaza mtu mara ya kwanza hakunipi habari yoyote, maana mara ya kwanza hata mlango unaojifungua wenyewe hushangaza. Ninachoangalia ni kipi anakigusa tena, na kipi kinamrudisha siku nyingine akiwa na mtoto wake ili amwonyeshe.

Nimenunua vingi, nimeazima vingine, visivyonifaa nimevigawa, na katika hayo yote nimebaki na kipimo kimoja. Kishangazo kizuri kinakuonyesha viungo vyake vyote. Unakishika, unakigeuza, huoni mahali pa kufichia hila. Mtu anakueleza kinavyofanya kazi hadi unaelewa. Na bado kikianza kazi yake unasema moyoni, haiwezekani. Kile kinachoishi kwa siri iliyofichwa tumboni ni mazingaombwe, na mazingaombwe yakishafichuka yamekwisha. Labda ni ugonjwa wa kazi yangu. Hata saa ninazozipenda ni zile zenye mgongo wa kioo.

Kinara wa meza ni radiometa ya Crookes. Ni balbu ya kioo yenye sindano iliyosimama ndani. Juu ya ncha ya sindano kimekaa kikombe kidogo cha kioo, na kwenye kikombe vimeshikizwa vibati vinne vyembamba, kila kimoja cheusi upande huu na cheupe au cha kung'aa upande wa pili. Iweke juani, vibati vinazunguka. Iondoe, vinapunguza mwendo na kusimama. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna springi. Mimi kitu cha kwanza kukitazama ni egemeo, kwa kuwa saa nyingi zinazoletwa kwangu zimeugua hapo, na egemeo hili ni zuri kupita kiasi: ncha juu ya kioo, bila tone la mafuta, uzito wenyewe hausikiki. Ndiyo maana msukumo mdogo namna ile unatosha.

Msukumo wa nini, sasa? Hapo ndipo radiometa inapozishinda saa zangu zote. William Crookes, mkemia Mwingereza aliyegundua thali mwaka 1861, alikuwa akipima uzito wa metali hiyo ndani ya chombo kilichotolewa hewa, akaona mizani yake inasumbuka kila inapofikiwa na joto au mwanga. Wengine wangelaani mizani. Yeye aliufuata usumbufu wenyewe, na mwaka 1873 akawa ameunda kifaa hiki. Aliamini mwanga ndio unaosukuma vibati, na hakuwa anaota: nadharia ya mwanafizikia James Clerk Maxwell ilikuwa imeshasema kwamba mwanga una kani ya kusukuma. Tatizo ni kwamba vibati vinakwenda upande usiotakiwa. Mwanga unaorudishwa na upande wa kung'aa unasukuma zaidi kuliko ule unaomezwa na upande mweusi, kwa hiyo upande wa kung'aa ndio ungepaswa kukimbia nuru. Itazame radiometa yoyote: upande mweusi ndio unaokimbia. Tena ukiinyonya hewa yote mpaka ombwe likawa kamili kabisa, inasimama.

Kwa hiyo kazi inafanywa na ile hewa kidogo iliyobaki ndani. Mwaka 1876 mwanafizikia Arthur Schuster alifanya jaribio ambalo napenda kulisimulia wateja wakiwa na muda. Aliitundika balbu nzima iwe huru kugeuka, akaimulika. Vibati vilipoanza kuzunguka upande mmoja, balbu yenyewe iligeuka upande wa pili. Kama mwanga kutoka nje ndio uliokuwa ukisukuma vibati, balbu isingekuwa na sababu ya kujibu. Maana yake vibati na gesi iliyo ndani vinasukumana vyenyewe kwa vyenyewe. Mwaka 1879 Osborne Reynolds na Maxwell, kila mmoja kwa njia yake, wakaeleza kinachotokea: upande mweusi unapata joto zaidi, gesi inatambaa kwenye kingo za kibati kutoka upande wa baridi kwenda upande wa moto, na mgandamizo unazidi upande wa weusi. Msukumo halisi wa mwanga ulikuja kupimwa na Mrusi Pyotr Lebedev kwa vifaa vyenye ombwe bora zaidi, mwanzoni mwa karne ya 20.

Ukishayajua yote hayo, kifaa hakipungui. Mimi kinanishangaza zaidi sasa kuliko nilipodhani ni mwanga. Jaribu hivi: ipashe joto kidogo, kisha itie ndani ya jokofu na uchungulie haraka. Inazunguka kinyumenyume. Weusi unaopokea joto kwa wepesi ndio pia unaolitoa kwa wepesi, basi ndani ya baridi upande mweusi unapoa kabla ya mwenzake na kila kitu kinageuka. Hakuna mteja niliyemwonyesha hilo asiyetaka lirudiwe.

Kwa mnunuzi nina mambo machache. Vingi vya vifaa hivi vinakuja katika boksi lililoandikwa kwamba vinaendeshwa na msukumo wa mwanga. Usibishane na boksi, litupe. Tazama vibati kabla hujalipa, kama vimekaa wima na havigusi kioo vinapogeuka. Ukikiinamisha kifaa sana kikombe kinaweza kuchomoka kwenye sindano, na hakuna mlango wa kuingiza kibano ukirekebishe. Taa za LED hazikisumbui sana, hazina joto. Jua la dirishani ndilo lake, au balbu ya zamani yenye waya unaowaka. Na ni kioo chembamba, kwa hiyo kisikae mahali ambapo kiwiko cha mtu hupita.

Ndege anayekunywa maji yumo katika ukoo huohuo wa vitu vinavyokula tofauti ya joto, lakini yeye nimegombana naye. Wengi mnamjua: tumbo la kioo lenye kimiminika cha rangi, shingo ndefu, kichwa kilichovikwa kitambaa laini, mdomo unaochovya kwenye glasi. Hataza yake ya mwaka 1946 ni ya Miles V. Sullivan, mwanasayansi wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani. Kichwa kilicholowa kinapoa maji yanapovukizwa, mvuke ulio ndani ya kichwa unanywea, kimiminika kinapanda shingoni, ndege anainama kama mzee anayesinzia kitini, mdomo unagusa maji, huku chini mvuke unapata upenyo na kimiminika kinashuka tena. Ni injini ya joto kamili, na kila sehemu yake inaonekana. Kwa kipimo changu alistahili nafasi ya pili.

Alichoniudhi ni kwamba anategemea sana hali ya hewa. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji ya kichwani hayavukizwi vizuri, basi anainama kivivu au anaganda katikati, na mteja anadhani ameharibika. Tena kimiminika cha ndani kwa kawaida ni dikloromethani, inayochemka karibu na nyuzi 40 za Selsiasi, ndiyo sababu inaitikia joto la kiganja. Ni sumu ukiivuta kwa wingi. Kwenye meza inayoguswa na watoto sikumtaka. Nimempeleka kwenye rafu ya juu, na huko hakuna anayemjaza maji.

Sasa nije kwenye mfano utakaoonyesha vizuri kwa nini nasisitiza habari ya siri. Nimewahi kuwa na vitu viwili vinavyoelea hewani. Cha kwanza ni tufe la dunia linaloning'inia ndani ya fremu bila kuguswa na chochote. Linapendeza sana. Watu huingiza vidole juu na chini kutafuta uzi. Halafu wanauona waya wa umeme nyuma, wanasema "aah, sumaku," na mazungumzo yamekufa. Wamepatia pia: ndani ya fremu kuna sumaku ya umeme, na kihisio kinachopima tufe limekaa wapi, na saketi inayoongeza au kupunguza nguvu haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Uhandisi wake ni mzuri, ila hauonekani. Umeme ukikatika, dunia inaanguka, na katika yote yaliyotokea wakati wa kuimiliki, hilo ndilo lililochekesha wateja zaidi.

Cha pili ni pia inayoelea juu ya kibao cha sumaku za kudumu. Hakuna waya. Hakuna umeme. Pia inazungushwa kwa mkono juu ya kipande cha plastiki, plastiki inanyanyuliwa taratibu, kisha inaondolewa, na pia inabaki hewani ikizunguka peke yake. Mwaka 1842 mwanahisabati Mwingereza Samuel Earnshaw alithibitisha kwa hesabu kwamba sumaku zilizotulia haziwezi kushikilia sumaku nyingine hewani kwa uthabiti, hata uzipange vipi; daima kuna upande itakaoponyokea. Sumaku za friji zinajaribu kila siku na zinashindwa. Kumbe neno lote liko kwenye "zilizotulia". Mvumbuzi mmoja wa jimbo la Vermont, Marekani, Roy Harrigan, alipata hataza ya pia ya namna hii mwaka 1983, na maelezo kamili ya kihisabati yalikuja baada ya kifaa, mwaka 1996, kwa mkono wa Michael Berry, mwanafizikia wa Bristol, Uingereza. Mzunguko hauishii kuizuia pia isipinduke. Mhimili wake unakuwa unainama kidogo kidogo kuufuata uga wa sumaku mahali pia ilipo, na hapo shimo dogo la utulivu linapatikana. Pia ikizunguka polepole mno inaanguka. Ikizunguka kwa kasi mno inaponyoka vilevile.

Niseme ukweli kuhusu mateso yake. Kibao lazima kiwe sawasawa kabisa, na unakisawazisha kwa skrubu za miguuni. Uzito wa pia unarekebishwa kwa vipete vidogo, na kipete kimoja chepesi kuliko karatasi ya kadi kinatosha kuiangusha au kuirusha. Chumba kikipata joto, sumaku zinalegea kidogo, na mpangilio wa asubuhi haufai tena mchana. Watu wengi huiweka kabatini kabla hawajaiona ikielea. Mimi nimezoea kupima vitu kwa mizani ya vipuli, kwa hiyo kwangu ni starehe. Asiye na subira asinunue. Lakini mteja aliyeiona ikielea humwoni akisema "aah". Anauliza kwa nini haianguki. Namwambia. Anauliza tena.

Pia nyingine ni ya bei ya mtoto wa shule na haihitaji marekebisho yoyote. Ni ile inayojipindua: mpira uliokatwa kichwa, ukatiwa kijiti. Unaizungusha kwa kijiti ikiwa imesimama kwa tumbo, inayumba, inalala, kisha inainuka na kuzunguka kwa kichwa, juu ya kile kijiti. Uzito umepanda wenyewe. Kuna picha mashuhuri ya Niels Bohr na Wolfgang Pauli, wote wawili washindi wa Nobel ya fizikia, wameinama huko Lund, Sweden, wakikodolea macho pia ya aina hii sakafuni. Watu huitaja kuonyesha kwamba wakubwa nao ni watoto. Mimi naona walikuwa kazini. Kinachoiinua pia hiyo ni msuguano wake na sakafu, kitu ambacho sisi mafundi tumezoea kukiona kinaiba nguvu tu. Nimetia doa la rangi kwenye yangu ili jambo lingine lionekane: ukiitazama kutoka juu, inazunguka upande uleule kabla na baada ya kupinduka. Lakini kwa kuwa imegeuka kichwa chini, maana yake kwa upande wa pia yenyewe mzunguko umebadilika. Nimewaona watu wazima wakiishika mkononi na kuigeuzageuza kwa dakika nzima wakijaribu kulikubali hilo.

Na kama hiyo inakusumbua, subiri jiwe bishi. Jina hili ni la mezani kwangu. Ni kipande kirefu chenye tumbo la mviringo, umbo la mtumbwi, chepesi, hakina kitu ndani. Lizungushe kwa mwelekeo wa akrabu: linazunguka kwa utulivu hadi linachoka. Lizungushe kinyume: linaanza kutetema, ncha zinapiga juu chini, linasimama, kisha linarudi lenyewe kwa mwelekeo wa akrabu. Hakuna aliyeligusa. Mengine yametengenezwa yapende upande wa pili, lakini kila moja lina upande wake na halishawishiki. Ukiligonga ncha moja tu kwa kidole, bila kulizungusha kabisa, mtetemo wenyewe unageuka kuwa mzunguko, na daima kuelekea upande linaoupenda.

Mteja wa kwanza kulichunguza vizuri hapa mezani alikuwa seremala. Alilipindua, akalipitishia kidole gumba tumboni, akaniambia limekatwa mshazari. Ndivyo ilivyo. Mstari wa mbinuko wa tumbo na mstari wa mgawanyo wa uzito haviendi sambamba. Vimepishana kidogo, na kwa kupishana huko kila mtetemo unateleza upande mmoja. Aliyeyaandika hayo kihisabati mwaka 1896 ni Gilbert Walker, na huyu ni mtu anayestahili kukumbukwa kwa zaidi ya jiwe. Baadaye alikwenda India kuongoza idara ya hali ya hewa, akitafuta namna ya kutabiri mvua za monsuni, na akatambua mgandamizo wa hewa unavyopanda upande mmoja wa Pasifiki unaposhuka upande mwingine. Leo kila anayezungumza habari za El Niño anatumia kazi yake. Mtu aliyeanza na jiwe lisilokubali kugeuzwa akaishia kwenye bahari inayogeuka yenyewe. Mwaka 1986 mwanahisabati Hermann Bondi aliirudia hesabu ya jiwe kwa undani, kwa kuwa ilikuwa bado haijaisha.

Nunua la plastiki ngumu au la mbao iliyosuguliwa vizuri, ulitumie juu ya kioo au marumaru. Juu ya kitambaa ni kipande cha plastiki tu. Kwa bei yake na kwa kipimo changu, hakuna kitu bora mezani. Radiometa imelishinda kwa uzuri, basi.

Kile kichupa kilichochafuka ni cha ferofluidi, kimiminika cheusi kinachofuata sumaku na kuota miiba. Asili yake ni ya kuvutia: Steve Papell wa NASA aliiunda mwaka 1963 ili mafuta ya roketi yaweze kuvutwa kwa sumaku mahali pasipo na uzito. Ni chembe ndogo mno za oksidi ya chuma, zilizopakwa kitu kinachozizuia zisigandane. Miiba inapatikana pale sumaku inapovuta kwenda juu huku uzito na mvutano wa uso wa kimiminika vinavuta kurudi chini. Kichupa kilipofika kilikuwa safi na miiba ilisimama vizuri. Muda si mrefu kioo kikaanza kushika utando wa kahawia, miiba ikawa haionekani, na muuzaji akanijibu kwamba nilikuwa nikikitikisa. Kitu cha kuchezewa kisichotakiwa kutikiswa! Vipo vichupa ambavyo kioo chake kimetayarishwa kisishike rangi. Mwulize muuzaji hilo kabla ya yote, na akisitasita, ondoka.

Vioo viwili vilivyofunikana ndivyo vinavyowatoa watu sauti. Ni bakuli mbili za parabola, moja juu ya nyingine, ya juu ina tundu katikati. Ndani, chini kabisa, naweka gurudumu dogo la shaba kutoka saa iliyokufa. Gurudumu linaonekana juu ya tundu, limekaa hewani, meno yote yanahesabika. Unapeleka kidole ulichukue na kidole kinapita katikati yake. Ukizunguka meza, unaliona ubavu wake mwingine, kitu ambacho picha haiwezi. Halafu mtu achukue tochi ndogo aimulike ile taswira, siyo bakuli, na taswira inameremeta pale ilipomulikwa kana kwamba ipo. Hapo watu huita wenzao.

Jibu lake ni jiometri tupu. Kila bakuli limekatwa ili kitovu chake cha kukusanyia mwanga kiwe kwenye sakafu ya mwenzake. Mwanga unaotoka kwenye gurudumu unagonga kioo cha juu, unashuka ukiwa sambamba, unagonga kioo cha chini, na wote unakutana tena kwenye tundu. Macho yanapokea mwanga unaotoka pale kweli, kwa hiyo yanasadiki. Tochi nayo inapita njia hiyohiyo kwa kurudi, inamulika gurudumu lenyewe. Na kwa kuwa mwanga umegonga vioo viwili, maandishi hayageuki kama kwenye kioo cha ukutani. Sarafu inasomeka vizuri, ila imezungushwa ikaelekea upande wa pili. Virgil Elings na Caliste Landry wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ndio waliopata hataza yake mwaka 1972. Husimuliwa kwamba jambo lenyewe lilionekana wakati wa kusafisha vioo vya kurunzi za kijeshi vilivyokuwa vimewekwa stoo, palipoonekana vumbi ambalo halikufutika kwa kuwa halikuwapo pale lilipoonekana.

Kasoro zake ni za kimatengenezo. Kinyama cha plastiki kinachokuja nacho ni kibaya, kitupe, weka kitu chenye maelezo madogo madogo: pete, skrubu, punje. Utando wa kung'aa uko juu ya uso wa kioo, siyo nyuma yake, kwa hiyo kitambaa kikavu kinaukwaruza. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira. Bakuli dogo sana halina raha, taswira inaonekana kwa pembe finyu. Chukua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu.

Kwa asiyetaka kutumia chochote zaidi ya plastiki ya printa ya 3D, kuna silinda ya Kokichi Sugihara, mwanahisabati wa Japani, iliyopata nafasi ya pili kwenye shindano la kiinimacho bora cha mwaka 2016. Weka bomba mbele ya kioo. Mbele yako ni duara. Ndani ya kioo ni mraba. Ligeuze nusu mzunguko: mbele mraba, kiooni duara. Ukweli ni kwamba si duara wala si mraba. Ukingo wake wa juu unapanda na kushuka, na ubongo, ambao umezoea mabomba yaliyokatwa sawasawa, unakataa kuona huko kupanda na kushuka, unakisia umbo linalofanana na mkato ulionyooka. Hakuna kilichofichwa, unaweza kuupitishia kidole ukingo wote ukiusikia unavyopanda. Kisha unarudi nyuma hatua, unafumba jicho moja, na duara linarudi palepale. Nimelieleza mara nyingi kwa sauti huku nikilitazama, na macho yangu hayajawahi kunisikiliza. Printa isiyo makini inaacha ngazi kwenye ukingo na ngazi hizo zinaisaliti. Usugue kwa msasa laini.

Kilichobaki ni gombosi, ambayo Wahungari wenyewe huandika Gömböc. Mwaka 1995 Vladimir Arnold, mwanahisabati wa Urusi, alidokeza kwamba lazima liwepo umbo lililotuna pote, la kitu kimoja tupu kisicho na uzito uliofichwa, lenye mahali pamoja tu pa kutulia na pamoja tu pa kusimama kwa mashaka. Mwanasesere anayeinuka kila ukimwangusha hahesabiki, yeye ana risasi kitakoni. Gábor Domokos alilitafuta hata kwa kuokota mawe 2,000 ufukweni Rhodes, Ugiriki, asilipate, na mwaka 2006 yeye na Péter Várkonyi wakalikokotoa. Linataka usahihi wa ajabu: kosa dogo kuliko unene wa unywele kwenye umbo la kutosha kiganja, na linapata mahali pa pili pa kulala. Ndiyo maana mawe hayakulitoa. Kobe wa aina fulani wanalikaribia kwa magamba yao, na wakipinduliwa hurudi miguuni.

Niliazima la metali. Liweke vyovyote, linayumba, linasita kana kwamba linakumbuka kitu, linageuka, linatulia palepale. Kama fundi niliona kazi ya mikono niliyoiheshimu kuliko chochote hapa mezani. Wateja hawakuona kitu. "Kwa hiyo linafanya nini?" waliuliza, nami nikawajibu kwamba linasimama. Nakala za bei rahisi za plastiki nimejaribu na zinalala ubavu bila aibu, usizinunue. La kweli ni ghali, na linataka uso mgumu, ulio sawa, msafi. Meza yangu ina mafuta ya saa na vumbi la shaba, basi nimelirudisha kwa mwenyewe.